Kitufe cha Pima

Mita tisa nukta sifuri nne. Ndivyo karatasi ilivyosema, na Ndugu Athuman, katibu wa kijiji cha Kwempingo, aliisoma mara mbili mbele ya mkutano ili hata viziwi wasije wakasingizia masikio. Maji ya Songambele, kule ambako kijiji kizima kilitakiwa kuhamia kabla ya mwisho wa Agosti, yalikuwa mita tisa tu chini ya ardhi. Hesabu hiyo ilipigwa na mashine ya Korogwe. Watu wakapiga makofi. Mwaka ule wa Operesheni makofi yalikuwa ya bure na kila mtu aliyatoa.

Mashavu hakupiga. Alikuwa ameketi upande wa wanawake, mkwewe Bibi Hajira amemwegemea begani, na ile tisa ilimkaa vibaya moyoni.

Tisa ile aliijua. Mwezi wa tano Mradi wa Visima ulimwajiri mumewe, Mdoe, kupima visima saba vya zamani vinavyoizunguka Songambele, lakini aliyeshusha kamba alikuwa yeye. Kwao kamba ya kisima ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye anayeisokota, ndiye anayeipima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa, na kila ikitimia pima moja anafunga fundo. Kazi ya Mdoe ilikuwa kuandika. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka uliopita, cheti chake kikaning'inizwa ukutani juu ya kitanda, na tangu siku hiyo alikuwa akitafuta kitu cha kuandika.

Kisima cha Mzee Mepukori, mfugaji, ndicho kilichokuwa karibu kabisa na Songambele. Mzee huyo na wanawe walikichimba misimu mitatu kwa ajili ya ng'ombe wao, wakipasua mwamba kwa moto na nyundo. Kilimeza mafundo tisa ya kamba ya Mashavu kabla ndoo haijagusa maji. Pima tisa. Sasa zimekuwaje mita tisa?

Kwa maana mita nayo aliijua. Salimu, mwenye duka la vitambaa pale Chanika, alikuwa ameacha kuuza kwa yadi, siku hizi alipima kwa mita, na Mashavu alishagombana naye mara mbili. Mita ni kutoka ncha ya vidole vya mkono mmoja mpaka bega la pili. Pima ni mikono yote miwili. Mtu akikuuzia mita kwa bei ya pima amekuibia mkono mzima.

"Mume wangu," alisema walipofika nyumbani, "kwenye zile fomu uliandika nini?"

"Niliandika ulichoniambia."

"Uliandika pima?"

Mdoe alikuwa akinoa panga, akaendelea kunoa. "Niliandika tisa, halafu nikaweka p. Kimraba chenyewe kilikuwa kidogo, neno zima lisingeingia."

"Na wao wamesoma mita."

"Mashavu, ile ni mashine. Inatumia umeme. Unafikiri haijui kutofautisha pima na mita?"

"Mimi sijui inajua nini. Najua kisima cha Mzee Mepukori kina mafundo tisa. Wakichimba mita tisa hapo Songambele watapata vumbi. Hapa tuna maji ya pima nne, nateka nikiwa naimba. Tutahama, tutaacha kisima, halafu huyu mama yako atakunywa nini?"

Bibi Hajira alikuwa haoni vizuri na miguu yake ilikuwa imekwisha kazi, ila masikio yalikuwa mazima. "Nitakunywa cheti," alisema kutoka mkekani.

Mdoe aliweka panga chini. Hakucheka. Usiku ule hakulala, na alfajiri akamkamata jogoo aliyekuwa akimfuga kwa ajili ya Idi, akampeleka sokoni Chanika kuwa nauli ya watu wawili.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa Masuguru, pale Korogwe, nyumba ya bati jipya iliyopakwa chokaa, na mbele yake benchi. Mambo ya benchi yanajulikana. Mtu ukikalishwa hapo unaanza kupungua taratibu, na ikifika adhuhuri hata wewe mwenyewe huna hakika na shida iliyokuleta.

Dada aliyekaa mezani, Josefina, aliwauliza kama wana barua ya katibu. Hawakuwa nayo. Athuman alikuwa amekataa kuiandika. Alisema hawezi kutia sahihi kwenye karatasi inayobishana na karatasi nyingine.

"Basi hamjulikani," Josefina alisema, bila ubaya wowote.

"Ninajulikana, dada," Mdoe alisema. "Mimi ndiye mpimaji msaidizi. Jina langu lipo kwenye fomu."

"Fomu zimeshafungwa, mzee. Subirini."

Walisubiri. Mashavu alitazama magari ya katani yakipita barabarani, akahesabu, akaacha. Mdoe alikuwa amevaa shati lake la sherehe ya kisomo, na jasho lilikuwa limechora bara zima mgongoni. Kila mtu alipotoka mlangoni, Mdoe aliinuka, akatoa salamu, akarudi kukaa. Mashavu alitamani kumshika mkono amwambie aache kuinuka. Hakusema, maana mwanamume anapojidhalilisha kwa ajili ya nyumba yake ni afadhali mkewe awe anatazama barabara.

Saa saba ilipokwisha pita, alitoka kijana mwembamba mwenye miwani, Mshambaa wa Dindira aliyeitwa Simeo. Alitoka kwenda kula. Alipopita benchi aliwapa shikamoo, wakaitikia, naye akauliza wanamngoja nani.

"Tunaingoja mashine," Mashavu alisema.

Simeo alicheka. "Mashine hainaga wageni, mama."

"Imekosea kisima chetu."

Alisimama. Njaa yake ilionekana ikibishana na udadisi, na kwa bahati udadisi ukashinda. "Mashine haikosei," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka abishiwe. "Njooni niwaonyeshe. Ila viatu mviache nje. Vumbi linaiua."

Wakavua kandambili. Mashavu akaingia kwa mguu wa kulia na bismillahi mdomoni, maana hakuwahi kuvua viatu kwa ajili ya kitu kingine zaidi ya swala.

*

Ilikuwa ndogo kuliko alivyoogopa. Kiasi cha cherehani, rangi ya majivu, imekaa peke yake juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, na vitufe safu kwa safu. Tarakimu nyekundu ziliwaka kwenye kidirisha chake, na ubavuni kulikuwa na mpasuko unaotema utepe wa karatasi. Umeme wa Hale ulikuwa ukiilisha kwa waya mmoja.

Simeo alichukua kadi nyembamba, akaipenyeza kwenye mashine, ikamezwa na kutemwa upande wa pili. "Kadi hii ndiyo inayoifundisha hesabu," alisema. "Imeandikwa na wataalamu kwa kazi moja tu, visima. Ikishaingia, hakuna mtu katikati, ni namba na mashine. Hata ukiiuliza bei ya chumvi itakujibu kina cha kisima."

"Na wewe unafanya nini?" Mdoe aliuliza.

"Naingiza namba za kwenye fomu. Kisima cha kwanza kiko wapi, kina chake. Cha pili, cha tatu, mpaka saba. Halafu nabonyeza hapa, yenyewe inakadiria maji ya pale katikati, panapotakiwa kijiji." Akafungua faili, akatoa fomu. Zilikuwa ni za Mdoe kweli, herufi za kisomo, kubwa na zilizonyooka kama watoto wa shule mstarini. "Hii hapa. Kisima cha Mepukori. Tisa."

"Na hiyo p?" Mdoe aliuliza.

Simeo alisogeza miwani. "Nilidhani umejaribu kalamu."

"Ni pima," Mdoe alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimeandika pima. Zote saba."

"Kitufe cha pima kiko wapi?" Mashavu aliuliza.

"Hakipo, mama."

"Cha mita?"

"Nacho hakipo. Kuna namba tu. Mashine haijui mita wala pima. Inapewa tisa, inapiga tisa. Wanaosoma utepe ndio wanaoandika mita."

Simeo alikuwa mtu wa hesabu na hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mashavu aliliona jambo lenyewe likimwingia, likamwondoa rangi midomoni. Simeo akaivuta futi kamba ya bati kutoka droo. "Pima yenu ina mita ngapi? Mmekuja na kamba?"

"Iko nyumbani," Mdoe alisema. "Leo inateka maji kwa jirani." Akanyoosha mikono yake yote miwili ukutani, kifua mbele, tayari kupimwa.

"Si yeye," Mashavu alisema. "Kamba niliipima mimi."

Simeo alishika futi asijue aiweke wapi. Mke wa mtu, na mumewe amesimama pale pale. Mwishowe Mdoe alimpokonya, akashika ncha moja kwenye kidole cha kati cha mkono wa kushoto wa mkewe, Simeo akasoma upande wa pili akiwa amegeuza uso nusu, na Mashavu akasimama amejibandika kwenye chokaa, kanga ikimteleza kichwani, akiomba asiingie mtu. Akaingia Josefina. Akatazama, akatoka, na wakasikia kicheko chake mpaka uani.

"Mita moja nukta sitini na mbili," Simeo alisema.

Aliziingiza upya namba zote saba, kila moja akiizidisha kwanza. Kisha akabonyeza kitufe cha mwisho. Tarakimu nyekundu zilichezacheza muda wa kumeza mate mara mbili, mashine ikakwaruza, ikatema utepe.

14.64.

"Mita kumi na nne na zaidi," Simeo alisema polepole. "Na sisi tumepeleka pete za saruji za kujengea kisima cha mita kumi."

Mashavu alishindwa kujizuia, akacheka. Akahisi furaha, furaha kabisa, jambo ambalo baadaye lilimuuma kulikumbuka. Aliamini kwamba ukweli ukishachapishwa kazi imekwisha.

*

Mratibu wa mradi, Ndugu Fransisko, alirudi saa tisa. Hakuwa mtu mbaya. Aliwakaribisha viti, akasikiliza mpaka mwisho, akaushika utepe kwa vidole viwili.

"Simeo, nani kakuruhusu kuipiga tena?"

"Hesabu ya kwanza ilikuwa na kasoro, ndugu."

"Ya kwanza imeshatiwa sahihi, ikaenda mkoani. Malori yamepangwa, saruji imegawiwa, pete zimesubuliwa kumi kwa kila kisima. Sasa niende niwaambie nini? Kwamba mashine ina majibu mawili?"

"Waambie tumekosea sisi," Mdoe alisema. "Hata mimi. Andika jina langu. Nilifupisha neno."

Mashavu alimgeukia mumewe. Hakutegemea hilo.

Fransisko aliichukua fomu, akaitazama ile p kwa muda mrefu, na Mashavu akaona jinsi sura yake ilivyolegea. Alikuwa amepata pa kutokea. "Kwa hiyo kosa limetoka kijijini," alisema. "Mlipima kwa mikono."

"Mlitutuma bila futi," Mashavu alisema. "Mlitupa fomu na kalamu."

"Mama, mimi nazungumza na mpimaji."

"Mpimaji ni mimi. Yeye ni mwandishi."

"Jina lako halimo."

"Mikono yangu imo. Iko kwenye hesabu hiyo unayoishika."

Fransisko akapumua. "Jamani, mimi nawaelewa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji yapi, ndugu?" Mashavu aliuliza. "Hata hayajapatikana."

Simeo alikohoa kuficha kicheko, na huenda kikohozi kile ndicho kilichoharibu mambo, kwani mkubwa anaweza kusamehe kosa lakini si kuchekwa mbele ya wanakijiji. Fransisko alikunja utepe mara tatu, akautia mfuko wa shati. Mdoe aliomba angalau wapewe huo wakamwonyeshe katibu. "Ni mali ya mradi," alijibiwa. Wakachimbe kwanza, akaongeza. Ikionekana haja, suala la kina litaangaliwa katika awamu inayofuata.

Nje, kandambili za Mashavu zilikuwa zimepigwa na jua mpaka zikamuunguza nyayo. Walipofika kituoni basi lilikuwa limeondoka. Walilala barazani kwa mtu.

"Nilidhani nimeshajua kuandika," Mdoe alisema.

*

Malori yalikuja Agosti tarehe ishirini na sita. Athuman alisimama barabarani na orodha. Mashavu alikuwa amemweleza yote, naye alisikiliza, akaguna, akauliza swali moja: karatasi iko wapi? Hakukuwa na karatasi. Basi.

Bibi Hajira alipandishwa na mkeka wake. Milango na mihimili ya nyumba ikafuata. Mashavu alikwenda kisimani mara ya mwisho, akateka ndoo mbili, akaikunja kamba akaivaa begani. Watu walimcheka. Walimwambia Songambele kutakuwa na pampu ya mkono, unabonyeza, yanatoka.

Wachimbaji walianza mwezi wa tisa. Pete ya saruji ikashuka, ya pili juu yake, ya tatu. Kwenye pete ya nane wakagonga mwamba, wakaupasua siku kumi na moja. Muda huo wote kijiji kilikunywa kwa boza la maji lililokuja Jumanne likija, na lisipokuja wanawake walitembea maili nne kurudi Kwempingo, kwenye kisima chao wenyewe, kama wezi. Mzee Mepukori aliwaruhusu kuteka kwake baada ya ng'ombe. Hakuwauliza kitu. Mara moja tu alimwambia Mashavu, "Mama Kamba, wewe si ulipima hapa?" Mashavu akasema alipima.

Pete ya kumi ilishuka siku ya Ijumaa. Chini yake palikuwa na changarawe, kavu, nyeupe. Mchimbaji aliyekuwa ndani alipiga sururu mpaka giza, akapandishwa, akakaa ukingoni akipangusa miguu ambayo haikuwa na tope. Pete zimekwisha, alisema. Kazi yake imekwisha.

Jumatatu Fransisko alifika kwa Landrova. Kijiji kizima kilizunguka kisima. Hakukemea mtu. Alieleza kwa upole kwamba mashine ilifanya kazi yake sawasawa, ila vipimo ilivyopewa vilikuwa na dosari, kwa kuwa mpimaji wa hapa alitumia njia za kienyeji. Fedha za kuendelea zingeombwa. Akataja jina: Mdoe Sadala.

Watu wote waligeuka. Mdoe alisimama amevaa lile shati la kisomo, mikono imening'inia. Wenye watoto wadogo walimtazama kwa namna ambayo Mashavu hakuwahi kuiona kwa majirani. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo matunda ya cheti." Mdoe alishajua kwamba neno lake halina pa kuingizwa.

Mashavu akaingia nyumbani, akatoka na kamba.

"Mama, mkutano haujafungwa," Athuman alisema.

Mashavu alipita katikati ya watu, wakampisha, akafika ukingoni, akafunga ndoo, akaanza kushusha. Alihesabu kwa sauti, kama alivyohesabu mwezi wa tano, fundo likipita mkononi analitaja. Moja. Mbili. Tatu. Wanawake waliijua hesabu hiyo, wakaanza kuhesabu naye bila kuambiwa. Nne. Tano. Sita. Ndoo ikagonga changarawe, na sauti kavu ikapanda mpaka juu kila mtu akaisikia.

Mashavu aliinua mkono uliobaki na kamba. Akamwonyesha Fransisko, kisha akageuka polepole ili waone wote.

"Saba," alisema. "Nane. Tisa. Haya hapa. Mume wangu aliandika tisa. Nyie mmechimba sita. Maji yenu ni haya mafundo matatu niliyoyashika."

Hakuna aliyepiga makofi. Fransisko alitazama kamba, halafu mkono wake ukapanda wenyewe kwenye mfuko wa shati kuutafuta ule utepe, ukagusa, ukashuka. Ulikuwa mfuko mtupu. Shati lilikuwa jingine. Alisema kwamba amesikia, kwamba atalifikisha. Landrova ikaondoka na vumbi lake.

Watu walitawanyika bila kumtazama Mdoe, kwa kuwa sasa aibu ilikuwa yao. Yeye alichukua ndoo mbili, akamkabidhi mkewe moja. Ilikuwa saa kumi. Wakitembea upesi wangefika Kwempingo na mwanga.

Walipopita mlangoni Bibi Hajira aliinua kichwa. Alikuwa amesikia kelele za kuhesabu, ndoo ikigonga, kisha ukimya. Aliuliza kwa Kizigua, neno moja tu, "Mazi?"

"Bado, mama," Mashavu alisema, akaiweka kamba sawa begani. "Bado pima tatu."